Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (Saarlouis, 20 Machi 1870 – Hamburg, 9 Machi 1964) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani aliyeongoza jeshi la kikoloni (Schutztruppe) katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Anajulikana hasa kwa sababu aliendelea kupigana kwa zaidi ya miaka minne dhidi ya majeshi makubwa ya Uingereza, Ubelgiji na Ureno, akasalimisha silaha wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwa muda mrefu vitabu vilimsifu kama bingwa wa vita vya msituni. Wanahistoria wa miaka ya karibuni wanauliza swali tofauti: mkakati wake ulifanikisha lengo gani la kisiasa, na nani aliyelipa gharama yake?

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya makabaila wadogo wenye asili ya Pomerania. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia, na mtoto alipelekwa mapema kwenye shule za kijeshi za Potsdam na Lichterfelde karibu na Berlin. Mwaka 1900 alitumwa China pamoja na kikosi cha Wajerumani kilichokwenda kuzima uasi wa Boksa. Huko aliona kwa mara ya kwanza jinsi wapiganaji wachache wanavyoweza kulisumbua jeshi kubwa katika nchi wanayoifahamu.

Kuanzia mwaka 1904 alihudumu katika Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akiwa katika ofisi ya Jenerali Lothar von Trotha. Ndiye Trotha aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwezi Oktoba 1904, na maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama walikufa kwa risasi, kwa kiu jangwani na katika kambi za wafungwa. Serikali ya Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita matendo hayo mauaji ya kimbari. Sehemu hii ya maisha ya Lettow-Vorbeck mara nyingi hurukwa na wanaomsifu, ingawa hapo ndipo alipojifunza vita vya Afrika. Mwaka 1906 alijeruhiwa katika mapigano na Wanama akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto.

Baada ya kurudi Ujerumani aliongoza kikosi cha askari wa majini huko Wilhelmshaven. Mwishoni mwa mwaka 1913 aliteuliwa kwenda Afrika ya Mashariki, akafika Dar es Salaam mwezi Januari 1914. Katika meli alisafiri pamoja na Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa akielekea Kenya, na wawili hao walibaki marafiki.

Gavana na kamanda

Jeshi alilolikuta lilikuwa dogo: Wajerumani takriban 260 na askari Waafrika wapatao 2,500, wamegawanywa katika kompania 14 zilizotawanyika kutoka Bukoba hadi Lindi. Kazi yao ilikuwa kuwatisha wenyeji wasiasi, si kupigana na dola nyingine.

Juu yake alikuwepo gavana Heinrich Schnee, ambaye kwa sheria ndiye aliyekuwa na neno la mwisho hata katika mambo ya jeshi. Schnee hakutaka vita kabisa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, baada ya kuua watu wengi sana kusini mwa koloni, na gavana aliamini kwamba shamba, reli na amani ndivyo vingeifanya koloni iwe na faida. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ulioruhusu makoloni ya bonde la Kongo na maeneo ya jirani kutangazwa kuwa yasiyofungamana na upande wowote vita vikitokea Ulaya.

Lettow-Vorbeck alifikiri kinyume. Kwa maoni yake, hatima ya koloni ingeamuliwa Ulaya, kwa hiyo koloni yenyewe ilikuwa silaha ya kutumiwa. Kila askari wa Uingereza aliyelazimika kuja Afrika ya Mashariki asingeweza kupigana Ufaransa. Njia bora ilikuwa kutishia kitu ambacho Waingereza wangelazimika kukilinda, nacho ni reli ya Uganda iliyopita karibu na mpaka.

Tofauti hii ni muhimu kuliko pigano lolote lililofuata. Gavana alitaka kuihifadhi koloni kwa ajili ya Ujerumani. Kamanda alikuwa tayari kuitumia mpaka iishe. Berlin haikuamua kati yao. Mawasiliano ya simu yalikatwa mapema, na mtu mwenye bunduki ndiye aliyefuatwa.

Vita vinafika pwani

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza Astraea ilipiga mizinga mnara wa simu za upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe walizamisha gudi lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili manowari zisiingie. Schnee alikubali masharti ya kutopigana kwa ajili ya Dar es Salaam na Tanga, jambo lililomkasirisha sana kamanda. Serikali ya Uingereza haikuyathibitisha masharti hayo, na katika miezi iliyofuata mji ulipigwa mizinga kutoka baharini.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeondoka Dar es Salaam siku chache kabla ya vita, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Baadaye ilijificha kwenye delta ya mto Rufiji. Kwa miezi mingi meli za Uingereza zilizunguka mbele ya pwani hii, kutoka Dar es Salaam kupita Kimbiji na Kisiju hadi Mafia, kisiwa walichokiteka Januari 1915. Kwa wavuvi na wenye majahazi wa vijiji hivyo, vita havikuwa habari ya Ulaya: bahari waliyoitegemea ilikuwa imefungwa. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake 10 iliokolewa mtoni, ikafungwa magurudumu na kuburutwa na wapagazi nchi nzima. Mmoja unaonekana hadi leo mbele ya Boma la Yesu, Mombasa.

Tanga na Jassin

Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walifika Tanga wakiwa na wanajeshi takriban 8,000 kutoka Uhindi chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walipoteza muda kwa kudai kwanza mji usalimu amri, na Lettow-Vorbeck akautumia muda huo kuleta kompania zake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Alikuwa na watu kama 1,000. Katika pigano la tarehe 4 Novemba Wahindi waliochoka na safari walivunjika, na nyuki waliokasirishwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki nyingi, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Huu ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote aliopata, na ulimmaliza nguvu gavana Schnee kisiasa. Baada ya Tanga hakuna aliyeweza kuzungumza tena juu ya kutopigana.

Januari 1915 alishinda tena huko Jassin, mpakani kaskazini mwa Tanga. Lakini alipoteza maafisa ambao hakuwa na wa kuwaweka mahali pao, na alitumia risasi 200,000. Alipiga hesabu akaona kwamba kwa namna hiyo angeweza kupigana mara chache tu kabla ya kuishiwa. Kuanzia hapo aliacha mapigano makubwa, akatuma vikosi vidogo kulipua reli ya Uganda na madaraja yake.

Meli mbili tu zilifaulu kupenya zuio la Waingereza na kuleta silaha kutoka Ujerumani, moja mwaka 1915 karibu na Tanga na nyingine Machi 1916 huko Sudi, kusini. Mengine yote yalitengenezwa nchini. Taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, ilitengeneza dawa ya malaria kutokana na miti ya kwinini, na mafundi wa Tabora walifua sarafu za shaba na hata za dhahabu. Mwanzoni mwa 1916 jeshi lake lilikuwa limefikia takriban Wajerumani 3,000 na askari Waafrika 11,000.

Kurudi nyuma, 1916–1917

Mwezi Februari 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza. Naye alikuwa na siasa yake mfukoni. Wanasiasa wa Afrika Kusini walitumaini kwamba koloni ikitekwa ingeweza kubadilishwa na Wareno kwa sehemu ya kusini ya Msumbiji yenye bandari. Tena Smuts hakutaka kurudi nyumbani na orodha ndefu ya makaburu waliokufa vitani, kwa hiyo alipenda kumzunguka adui kuliko kumkabili. Matokeo yake alipata ardhi, hakumpata Lettow-Vorbeck. Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti 1916, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba. Reli ya kati yote ilikuwa mikononi mwa washirika, lakini maelfu ya wanajeshi wao walikuwa wagonjwa wa malaria na kuhara damu. Smuts aliondoka Januari 1917 akisema kazi imekwisha. Ilikuwa haijaisha; ilidumu karibu miaka miwili mingine.

Pigano kali kuliko yote lilitokea Mahiwa, karibu na Lindi, katikati ya Oktoba 1917. Vikosi vya Nigeria na King's African Rifles vilikuwa kati ya vilivyoumia zaidi. Upande wa Uingereza ulipoteza watu zaidi ya 2,000 waliokufa au kujeruhiwa, na Wajerumani kama 500. Kwa hesabu ya siku ile Lettow-Vorbeck alishinda, akapandishwa cheo kuwa jenerali. Lakini wale 500 walikuwa theluthi ya watu aliokuwa nao pale, na akiba yake ya risasi ilikwisha. Mwezi uliofuata aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akavuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 akiwa na Wajerumani takriban 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Siku hiyohiyo aliiteka kambi ya Wareno huko Ngomano na kupata bunduki mpya na risasi kama robo milioni.

Kuanzia siku ile hapakuwa tena na kipande cha koloni kilichokuwa chini ya Ujerumani. Jeshi lililoitwa la kuilinda koloni lilikuwa nje ya koloni.

Msumbiji, Rhodesia na mwisho wa vita

Kwa miezi 10 alizunguka Msumbiji, akafika Namacurra karibu na Quelimane mwezi Julai 1918, akipata chakula na silaha katika vituo vya Wareno. Septemba 1918 alirudi kaskazini kupitia Songea na Njombe, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Tarehe 14 Novemba 1918, karibu na mto Chambeshi, alipata habari kwamba Ujerumani ilikuwa imetia sahihi kusimamisha vita siku tatu kabla. Alisalimisha silaha rasmi Abercorn (leo Mbala) tarehe 25 Novemba akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi takriban 1,500. Gavana Schnee alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amefuata nyuma ya kamanda wake njia yote.

Gharama kwa wenyeji

Vita hivi vilibebwa vichwani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila sanduku la risasi na kila gunia la mchele lilihitaji mtu. Waingereza na washirika wao waliandikisha, mara nyingi kwa nguvu, wapagazi karibu milioni moja kwa jumla, na kwa makadirio ya kawaida zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kilichopiga kambi kwenye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani. Kariokor ya Nairobi ina asili ileile. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri, na wapagazi wengi hawakulipwa chochote.

Lettow-Vorbeck hakuwa na ghala wala meli. Jeshi lake lilikula kile kilichokuwa mashambani na vihengeni lilipopita, na mara nyingine liliharibu kilichobaki ili adui asikipate. Daktari Ludwig Deppe, aliyehudumu katika jeshi hilo, aliandika baadaye juu ya mashamba yaliyoharibiwa na njaa waliyoiacha nyuma yao. Waingereza nao walichukua chakula na wanaume. Ugogoni, ambako majeshi yote mawili yalipita na mvua haikunyesha vizuri, ilikuja njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyoua makumi ya maelfu ya Wagogo. Mwishoni mwa 1918 ikafuata homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Makadirio ya raia waliokufa katika koloni nzima kutokana na vita yanafika 300,000 au zaidi, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 7 na nusu.

Hadithi ya askari waaminifu waliomfuata hadi mwisho ina ukweli kwa kiasi fulani. Wengi walibaki naye. Wengi wengine walitoroka, hasa alipozidi kwenda kusini mbali na nyumba zao, na wengine waliingia King's African Rifles upande wa pili. Waliobaki walikuwa na sababu zao: mishahara iliyokuwa ikidaiwa, wake na watoto waliosafiri pamoja na kikosi, na hofu ya kuwa peke yao katika nchi waliyoipora.

Je, mkakati ulifaulu?

Anayetaka kuupima mkakati wa Lettow-Vorbeck lazima atenganishe maswali mawili, maana jibu la moja si jibu la jingine.

La kwanza ni kama aliwazuia wanajeshi wa adui wasiende Ulaya. Zaidi ya wanajeshi 100,000 wa upande wa washirika walitumika dhidi yake, pamoja na meli na fedha nyingi. Idadi hiyo ni kubwa, lakini tuangalie ni akina nani. Wahindi waliotumwa Tanga mwaka 1914 hawakuwa vikosi bora. Vilivyo bora vilikuwa vimepelekwa Ufaransa. Waafrika Kusini ndio wangeweza kwenda Ulaya kwa wingi zaidi, na wengi walirudishwa makwao wakiwa wagonjwa kufikia mwanzo wa 1917. Baada ya hapo vita viliendelezwa hasa na Waafrika kutoka Nigeria, Gold Coast, Nyasaland, Uganda na Kenya, na Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka Waafrika hao kupigana na Wazungu Ufaransa. Kwa hiyo katika miaka miwili ya mwisho, ile iliyomletea sifa zaidi, aliwafunga watu ambao wasingekwenda kokote. Hakuna pigano la Ulaya linalojulikana kubadilika kwa sababu yake. Labda upungufu wa meli uliwaumiza Waingereza zaidi kuliko upungufu wa askari.

La pili ni kama Ujerumani ilipata chochote kisiasa. Wizara mjini Berlin ilikuwa na ndoto ya milki kubwa katikati ya Afrika, na wengine walidhani kwamba jeshi likiwa bado linapigana siku ya mapatano, Ujerumani ingekuwa na haki ya kudai koloni yake. Lettow-Vorbeck alilitimiza sharti hilo barabara: siku ya mapatano alikuwa bado anapigana. Halikusaidia kitu. Katika Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 Ujerumani ilipokonywa makoloni yote. Tanganyika ilipewa Uingereza, na Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji, chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Washirika walidai kwamba Wajerumani hawakustahili kutawala Waafrika, na kati ya ushahidi wao mkuu ilikuwa taarifa ya Waingereza ya mwaka 1918 kuhusu Waherero na Wanama, yaani vita vilevile alivyoanzia kamanda huyu.

Kuna hoja ya kumtetea. Alikuwa mwanajeshi asiye na maagizo, nchi yake ilikuwa vitani, na kusalimu amri mapema kungemaanisha kuwapa Waingereza ushindi wa bure. Hoja hiyo inatosha kueleza miaka ya 1914 hadi 1916. Ni vigumu zaidi kuitumia kwa Msumbiji, ambako lengo pekee lililobaki lilikuwa kutokamatwa.

Inafaa kuongeza kwamba Smuts naye hakupata alichokitaka. Mpango wa kubadilishana ardhi na Wareno haukufanyika.

Baada ya vita

Alisafirishwa kutoka Dar es Salaam Januari 1919, na mwezi Machi aliongoza maandamano ya kishujaa kupitia Lango la Brandenburg mjini Berlin. Ujerumani iliyoshindwa ilihitaji mtu ambaye hakushindwa. Kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1920 zilisomwa sana, na kitabu kwa ajili ya vijana, Heia Safari, kiliwafundisha Wajerumani wengi picha ya Afrika isiyo na njaa wala wapagazi waliofia njiani. Hapo mkakati wake ulipata matokeo ya kisiasa ambayo hakuna aliyeyapanga: sifa ya askari waaminifu ikawa hoja ya kudai makoloni yarudishwe, na hoja hiyo ilitumiwa hadi wakati wa Hitler.

Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kupindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina cha DNVP kuanzia 1928 hadi 1930. Hakujiunga na chama cha Hitler, ingawa utawala huo ulimpa heshima ya cheo cha jenerali na kutumia jina lake kwa kambi za jeshi. Wanawe wawili walikufa katika Vita Kuu ya Pili. Smuts, adui wake wa zamani aliyekuwa amekutana naye London mwaka 1929, alimtumia vifurushi vya chakula baada ya vita hivyo.

Mwaka 1953 alitembelea tena Afrika ya Mashariki, akapokewa na askari wake wazee. Alifariki Hamburg akakaribia kutimiza miaka 94. Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari waliobaki hai mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Inasimuliwa kwamba kule Mwanza wazee kama 350 walijitokeza, wachache tu wakiwa na vyeti, na waliosalia walipewa fimbo ya ufagio mkononi na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe mazoezi ya bunduki. Wapagazi hawakuwemo katika malipo hayo.

Tangu miaka ya 1990 kambi na mitaa kadhaa ya Ujerumani iliyoitwa kwa jina lake imebadilishwa majina. Jijini Dar es Salaam, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Hermann von Wissmann, inasimama tangu 1927 Sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi Waafrika waliopigana upande wao.